Mkebe wa Peni za Babu

Kila mtu ana kitu apendacho kukiweka. Mmoja huweka barua za zamani, mwingine huweka stempu, na wa tatu huweka visu vya marehemu baba yake ambavyo havikati tena. Mpita njia akiviona hucheka, maana haoni ila karatasi na chuma. Walakini mwenye navyo husoma ndani yake habari ambazo mpita njia hazijui. Mimi ni mwalimu wa shule, na kitu nikiwekacho ni peni: zile peni kubwa za Kiingereza zilizotengenezwa kwa bronzi, ambazo tangu mwaka 1971 hazinunui hata kibiriti. Nataka kuwasimulia, enyi vijana, jinsi zilivyofika mikononi mwangu, jinsi nilivyofundishwa kuzitambua na kuzipa daraja, na jinsi moja miongoni mwao ilivyonitia katika mtihani mgumu kuliko yote niliyofanya chuoni.

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia. Katika miaka ya 1960 alifanya kazi katika meli zilizotoka Mombasa kwenda bandari za Uingereza, akaiona London, Liverpool na Cardiff kabla hajaiona Nairobi. Kila safari ilipokwisha, noti alizibadilisha, lakini peni zilizobaki mfukoni hakuna aliyezitaka Mombasa. Kwa hiyo alizitia katika mkebe wa kakao na kuufunga. Alipenda kutuambia kwamba katika miji ya Uingereza peni moja ilitosha kufungua mlango wa choo cha hadhara, na kwamba baharia mwerevu hakushuka melini bila peni mfukoni. Sisi wajukuu tulicheka sana, kisha tukamwomba atuambie tena.

Alipofariki, nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu. Mjomba alichukua saa, binamu zangu walichukua redio na kanzu, na mkebe wa kakao ukabaki juu ya kabati. Bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe msomi, chukua hizi; labda utajua maana yake." Nikaenda nao chuoni. Usiku ule nilizimwaga kitandani, nikazihesabu. Zilikuwa peni 63, nyeusi na za kahawia, nyingine zimelika hata uso wa mfalme umekuwa kama uso wa mtu aliye ndani ya moshi.

Kwanza nilijifunza habari zao. Hapo zamani peni ya Uingereza ilipigwa kwa shaba nyekundu tupu, nayo ilikuwa kubwa na nzito mno. Mwaka 1860 Waingereza waliiacha shaba tupu wakachukua bronzi: katika kila sehemu 100, sehemu 95 zilikuwa shaba, 4 bati, na 1 zinki. Bronzi ni ngumu kuliko shaba, haikwaruziki upesi, na peni mpya ilikuwa na nusu tu ya uzito wa ile ya kale: gramu 9.4 hivi, peni tatu zikitimiza wakia moja. Peni 12 zilikuwa shilingi moja, na peni 240 zilikuwa pauni moja. Hesabu hiyo ilidumu mpaka tarehe 15 Februari 1971, Waingereza walipoigawa pauni yao katika peni 100. Mwaka uo huo, ilipokwisha Agosti, peni za kale hazikuwa fedha tena.

Katika muda huo wote watawala watano walikaa juu ya peni za bronzi. Wa kwanza ni Malkia Victoria, aliye kijana mwenye nywele zilizofungwa fundo kisogoni. Tangu mwaka 1895 anaonekana mzee aliyejitanda ushungi. Kisha Edward wa Saba, George wa Tano, George wa Sita na Elizabeth wa Pili. Upande wa pili ameketi Britannia, mwanamke aliye mfano wa nchi yao, amevaa kofia ya chuma, mkono mmoja uko juu ya ngao na mwingine umeshika mkuki wenye ncha tatu. Katika peni za kwanza nyuma yake kuna mnara wa taa na mbele yake merikebu baharini. Mwaka 1895 vyote viwili viliondolewa, na mwaka 1937 mnara ukarudishwa. Kwa alama hizo hata peni ambayo mwaka wake umefutika yaweza kukuambia umri wake kwa kukadiria.

Katika mkebe wa babu walikuwamo watawala wote watano. Msishangae. Peni ya Victoria iliyotoka mwaka 1860 ilikuwa bado ni fedha halali miaka mia moja baadaye, na baharia wa Mombasa aliweza kurudishiwa chenji dukani kwa sarafu iliyopigwa kabla babu yake mwenyewe hajazaliwa.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza. Kwetu pwani masinia na mabirika ya shaba hung'arishwa kwa ndimu na majivu, na tangu utotoni nilimsaidia bibi kazi hiyo kila sikukuu ilipokaribia. Nilipoziona peni zimesawijika, nilifanya kama nilivyofunzwa. Nilikata ndimu, nikachota majivu jikoni, nikasugua peni moja baada ya nyingine mpaka zikawaka rangi ya waridi. Nilikuwa nimemaliza peni 20 usiku ulipokuwa mkubwa, nikalala na furaha.

Pale chuoni alikuwako mwalimu mzee wa historia, ambaye tulikuwa tumesikia kwamba ana kabati la sarafu. Asubuhi nilimpelekea kazi yangu nikitumaini sifa. Aliishika peni moja kwa ukingo, kwa vidole viwili, akaigeuza katika mwanga wa dirisha, akanyamaza. Kisha akauliza, "Kijana, umeziosha zote?"

"La, Mwalimu. Ishirini tu."

"Basi tumshukuru Mungu kwa hizo nyingine," akasema. "Sinia hung'arishwa kwa sababu kesho litapakuliwa chakula. Sarafu hizi hazina kazi ya kesho. Kazi yao ni kutueleza ya jana, nawe umezifunga midomo."

Alinieleza bila ukali. Ile rangi ya kahawia niliyoidhania uchafu ni ngozi ambayo bronzi hujiotea yenyewe kwa hewa na kwa miaka, nayo huilinda. Ndimu huila ngozi hiyo pamoja na uso wa madini ulio chini yake, na majivu hukwangua michoro myembamba, ambayo hairudi milele. Tena si kila peni nyeusi imechafuka. Peni za miaka 1944 hadi 1946 zilitiwa dawa kiwandani kwa makusudi ziwe nyeusi, ili watu wasizifiche majumbani kwa kupenda mng'ao wake. Mimi nilikuwa nimeisugua ya mwaka 1945 kwa bidii kuliko zote! Mkusanyaji wa sarafu ajuaye kazi yake huiondoa vumbi kwa uangalifu, huishika kwa ukingo, huiweka mahali pakavu, na mkono wake huuzuia.

Tangu siku hiyo nilikuwa nakwenda kwa mzee yule kila Jumamosi alasiri, naye akanifundisha kuzipa peni daraja. Alipanga mezani peni tano za George wa Tano, toka iliyolika kabisa mpaka iliyokuwa kama imetoka kiwandani jana. Waingereza wana majina ya daraja hizo, nasi tuliyatafutia ya kwetu. Ya chini tuliita dhaifu: hiyo mwaka wake wasomeka kwa shida. Ya pili tuliita nzuri, ya tatu nzuri sana, ya nne nzuri mno, na ya juu kabisa tuliita isiyotembea, yaani ambayo haikupita mikononi mwa watu. Jina lisikudanganye, maana sarafu iitwayo nzuri imekwisha kulika sana. Nywele za mfalme zimekuwa kama kofia moja, na mikunjo mingi ya vazi la Britannia haionekani.

Namna ya kupima ni hii. Katika kila sarafu kuna mahali palipoinuka kuliko pengine, na hapo ndipo panapoanza kulika. Kwa mfalme, tazama nywele zilizo juu ya sikio, nyusi na masharubu. Kwa Britannia, tazama kifua, kofia ya chuma, na mkono ulioshika mkuki. Usiitazame sarafu katika jua la utosini, kwa kuwa mwanga wa juu hufuta vivuli. Itazame katika mwanga wa kando, wa asubuhi au wa taa iliyowekwa chini, ukiigeuza polepole. Isiyotembea ina mng'ao wake wa asili, unaozunguka kama mwanga juu ya maji kila uigeuzapo. Iliyosuguliwa nayo yang'aa, lakini mng'ao wake umekufa, umetulia mahali pamoja kama mng'ao wa sufuria.

Mwalimu alikuwa na mchezo mmoja. Alinipa peni, akaniambia niandike daraja yake kwenye karatasi. Kisha akanipa zangu mwenyewe nifanye vivyo hivyo. Baadaye alilinganisha karatasi zote mbili. Peni zake nilizihukumu kwa haki, lakini zangu kila moja nilikuwa nimeipandisha daraja moja. Sikuwa nimekusudia kudanganya. Jicho lenyewe lilikuwa limeona nywele zisizokuwapo, kwa sababu moyo uliziomba. Mzee alinirudishia karatasi bila neno, nami nilitahayari kuliko kama angalinikemea.

Baada ya daraja nilijifunza utambuzi, nao ni bahari. Peni mbili za mwaka mmoja, ambazo kwa mtu wa kawaida ni pacha, huwa moja ni ya kawaida na nyingine ni adimu kwa sababu ya alama ndogo kama punje ya mtama. Katika peni za mwaka 1902, mathalani, kuna chache ambazo mstari wa bahari nyuma ya Britannia umekaa chini kuliko katika nyingine. Wakusanyaji huziita za maji kupwa. Peni za kwanza za George wa Tano zina hadithi nyingine. Kichwa cha mfalme kilichorwa kikubwa na kirefu kwenda chini, hata sarafu ilipopigwa madini yalivutwa upande wake, na umbo la kichwa likatokea kama kivuli juu ya Britannia. Mafundi walihangaika nacho miaka mingi, wakakitengeneza upya mwaka 1926, na mwaka 1928 wakakipunguza ukubwa, ndipo kivuli kikatoweka. Mwingereza mmoja, Michael Freeman, alitoa kitabu mwaka 1970 akizipanga tofauti za namna hii, kila upande wa kichwa kwa namba yake na kila upande wa Britannia kwa herufi yake. Mwalimu alikuwa nacho, nami nilikisoma kwa kioo cha kukuza mkononi.

Alama iliyonipendeza kuliko zote ni herufi. Kiwanda cha Kifalme cha sarafu kilikuwa London, lakini kazi ilipozidi kiliomba msaada Birmingham. Kiwanda cha Heaton kilitia herufi H katika peni zake, na kile cha King's Norton kilitia herufi KN. Peni za mwaka 1912 zenye H hupatikana; za mwaka 1918 na 1919 zenye H ni za kutafuta; na zenye KN za miaka hiyo miwili ni haba zaidi, hasa zisipokuwa zimelika. Nilipokuwa nikisoma hayo, Mwalimu alifungua mtoto wa meza akanipa senti zetu za kale za Afrika ya Mashariki, zile zenye tundu katikati ambazo wazee wetu walizitumia kabla Kenya haijatoa sarafu zake mwaka 1966. Nikaona juu yake zile zile H na KN! Viwanda vilivyopiga peni za Mwingereza ndivyo vilivyopiga senti aliyonunulia chumvi bibi wa bibi yangu. Tena akanionyesha senti kumi ya mwaka 1936, yenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo aliacha kiti mwezi Desemba wa mwaka huo kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na nchini mwake hakuna peni yenye kichwa chake iliyotolewa kwa matumizi; walakini jina lake lilifika sokoni kwetu.

Nilijifunza pia kwamba uadimu una sababu, na si kila sababu ni ya maana kubwa. Mwaka 1933 peni zilikuwa tele katika mabenki ya Uingereza, kwa hiyo hazikuhitajika mpya. Zilipigwa chache mno, zinazojulikana hazifiki kumi, na baadhi yake ziliwekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo yaliyoanza mwaka ule, kwa kuwa desturi ilikuwa kuzika hapo sarafu za mwaka. Peni hiyo ilitamaniwa hata mwaka 1970 wezi walilifukua jiwe la msingi la kanisa moja katika mji wa Leeds wakaiiba. Za mwaka 1951 zilikuwa 120,000 tu, na nyingi zake zilipelekwa kisiwa cha Bermuda; lakini kwa sababu watu walijua mapema kwamba ni chache, waliziweka vizuri, na leo mwenye subira aweza kuipata iliyo safi. Kwa hiyo bei ya sarafu hutokana na mambo matatu pamoja: zimebaki ngapi, zimebaki katika hali gani, na ni wangapi wazitakao.

Sasa nafika kwenye peni yangu. Katika zile 43 ambazo ndimu haikuzigusa, palikuwa na moja ya Victoria ya mwaka 1882. Mwaka huo kiwanda cha London kilisimamisha kazi kwa muda mrefu ili kiwekewe mitambo mipya, na peni zikapigwa na Heaton, zaidi ya milioni 7, kila moja ikiwa na herufi H chini ya mwaka. Hata hivyo zipo chache sana za mwaka huo zisizo na herufi, nazo ni miongoni mwa peni adimu kabisa za Victoria. Niliigeuza peni yangu. Niliutazama mwaka, nikatazama chini yake. Sikuona herufi.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha maliza chuo na kuanza kufundisha darasa la saba katika shule iliyo mbali na kwetu, na Mwalimu alikuwa amestaafu. Dada yangu mdogo alikuwa amepata nafasi ya kidato cha kwanza, baba hakuwa na nguvu tena, na karo ilikuwa juu yangu. Mnaweza kufikiri nilivyoipokea peni ile. Nililala nayo chini ya mto. Kichwani mwangu nililipa karo ya miaka minne, nikaezeka nyumba ya mama kwa mabati, nikabakiza fedha za kununulia kitabu cha Freeman kilicho changu mwenyewe. Nilimwambia mama, na mama alimwambia jirani. Nilifanya hayo yote kabla sijaitazama peni katika mwanga wa kando.

Niliitazama Jumapili moja asubuhi, jua lilipokuwa linachungulia. Niliiweka juu ya daftari, nikainamisha kioo, nikaanza kuigeuza polepole kama nilivyofundishwa. Kwanza niliona kwamba tarakimu za mwaka zenyewe zimelika upande wa chini. Hilo peke yake lilitosha kunionya, maana mahali palipolika tarakimu, herufi ndogo iliyo chini yake ina nafasi gani ya kupona? Kisha mwanga ulipolala kabisa, nilikiona: kijiti kimoja kilichosimama, na ubavuni mwake kivuli cha kijiti cha pili. Niligeuza peni juu chini, nikapangusa kioo, nikajaribu dirisha jingine. Vijiti havikuondoka. Ilikuwa H, imelika imebaki pumzi. Peni yangu ilikuwa moja katika zile milioni 7, na daraja yake dhaifu.

Siku chache baadaye nilikwenda mjini, nikamwonyesha mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale. Naye aliiona herufi, kwa kuwa jicho lake lilikuwa zoefu. Alitabasamu akasema, "Mwalimu, hiki ni kivuli tu. Kipande cha msasa mwembamba, dakika mbili, nacho hakipo. Halafu tuipake rangi ya uzee. Wako watu ng'ambo wanaonunua kwa picha, na picha haisemi yote." Akataja bei. Ilizidi mshahara wangu wa miezi mingi. Akanipa kipande cha msasa bure, kama mtu ampavyo rafiki yake pipi.

Nanyi msinidhanie bora kuliko nilivyo. Nilikipokea. Nilirudi nacho nyumbani, nikaweka peni upande huu wa meza na msasa upande ule, nikakaa katikati. Nilijiambia kwamba muda na vidole vya watu vilikwisha ifuta herufi hiyo karibu yote, na mimi nilikuwa naongeza kidogo tu. Nilijiambia kwamba atakayeinunua ni tajiri asiyenijua. Nilijiambia kwamba dada yangu ni mtoto mwenye akili. Maneno hayo yote yalikuwa na ladha ya haki.

Mezani palikuwa pia na madaftari ya darasa langu, na juu yake karatasi moja niliyokuwa nimeizuia. Wiki ile mvulana mmoja alikuwa amepata alama 38 katika hesabu, naye kwa kalamu nyekundu aliigeuza 3 ikawa 8, akampelekea baba yake alama 88. Kazi yake ilikuwa safi; ungehitaji mwanga wa kando kuiona. Mimi nilimwita mbele ya baba yake nikamwambia maneno mengi juu ya njia ya mwongo kuwa fupi. Kijana alijibu neno moja tu: kwamba alitaka baba afurahi. Nilimwona hana udhuru. Sasa karatasi yake ilikuwa mbele yangu, na peni yangu kando yake, na msasa wangu. Sikuona tofauti, isipokuwa yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu na mimi nilikuwa na cheti cha ualimu.

Niliutupa msasa jikoni. Asubuhi nilimwandikia Mwalimu wangu mzee, nikamweleza habari yote bila kuficha hata ile saa niliyokaa mezani. Alinijibu kwa ufupi. Alisema kwamba amekuwa akizihukumu sarafu miaka arobaini, na peni ya kwanza aliyoipa daraja ya haki ilikuwa ile ambayo hakutaka kuipa. Hakunisifu zaidi ya hapo.

Karo ya dada haikushuka kutoka mbinguni. Nilichukua mkopo katika chama chetu cha ushirika wa walimu, nikaulipa kidogo kidogo kwa miaka miwili na zaidi, na katika miaka hiyo sikununua sarafu hata moja. Nyumba ya mama ilingoja. Mama alipoulizwa na jirani kuhusu ile mali ya babu, alijibu kwamba mwanawe ameitazama vizuri akaona si mali. Nilimwonea haya, lakini yeye hakuona haya.

Leo mkebe wa kakao uko katika kabati la darasa langu. Zile peni 20 nilizozisugua nimezipanga peke yao, ili wanafunzi waone ndimu hufanya nini. Zilizobaki ziko kila moja katika mfuko wake wa karatasi, na juu ya mfuko nimeandika mwaka, mtawala, herufi kama ipo, na daraja, baada ya kuipima mara mbili katika siku mbili tofauti. Kwa fedha zote pamoja hazifikii bei ya mbuzi mzuri. Lakini mwanafunzi aliyejifunza kuitofautisha peni nzuri sana na peni nzuri mno hupata macho ambayo huyatumia pengine. Nimeona watoto wa namna hiyo wakiangalia ramani, majani ya miti, hata hesabu zao wenyewe, kwa uangalifu ambao sikuwafundisha kwa maneno.

Kila mwaka, darasa jipya liingiapo, huwapa peni ya mwaka 1882 na kioo cha kukuza, nikawauliza swali moja: "Chini ya mwaka mnaona nini?" Huwaambia kwanza kwamba isiyo na herufi ni adimu na ina bei kubwa. Wengi hutazama upesi wakapaza sauti, "Hakuna kitu, Mwalimu!" Nami husema, "Tazameni tena." Peni huzunguka madawati yote. Mwishowe hutokea mtoto mmoja, aghalabu aliye kimya, ambaye huipeleka dirishani, huiinamisha, na kukaa nayo kitambo. Kisha husema kwa sauti ya mtu aliyesikitika kidogo, "Mwalimu, kuna H."

Mtoto huyo ndiye nimpaye ufunguo wa kabati mwaka ule.